Nilitafuta kroshe ya mashine, nikaletewa uzi wa sufu

Mwezi wa Agosti 2022, kipande cha chuma kinachoweza kufichwa katika kiganja cha mtoto kilisimamisha mashine yetu kubwa ya kushona, hapa Katuba mjini Lubumbashi, kwa siku 18. Katika siku hizo, 7 tu ndizo zilizokuwa za kungoja mzigo ufike. Zile 11 nyingine niliziteketeza nimeketi kwenye benchi mbele ya mlango wa karakana, simu mkononi, nikikitafuta kipande hicho kwenye intaneti na kuonyeshwa karibu kila kitu kinachouzwa duniani isipokuwa hicho. Naandika haya kwa sababu nimewaona wenzangu wengi, mafundi wa redio, wa pikipiki na wa majokofu, wakipita njia hiyohiyo na kuamua mwishoni kwamba ama intaneti ni ya uongo, ama wao hawakusoma vya kutosha. Mimi nilimaliza shule ya sekondari, na siku zile haikunifaa kitu.

Karakana ni ya dada yangu mkubwa, ambaye sote, ndugu, wateja na wanagenzi, tunamwita Yaya. Alianza na mashine moja nyeusi ya mkono aliyoachiwa na mama yetu, akishona magauni ya vitenge. Sasa riziki kubwa inatokana na sare za wanafunzi, yaani mashati meupe na suruali au sketi za buluu, pamoja na salopeti, yaani ovaroli, za watu wanaofanya kazi migodini na viwandani. Kitambaa cha salopeti ni kizito, na mashine ya nyumbani hukishona kwa kugugumia. Ndiyo maana mwaka 2019 tulijikakamua tukanunua mashine ya kiwandani yenye mota, iliyokwisha kutumika. Ni ya umbo la DDL-8700 ya kampuni ya Juki, umbo ambalo watengenezaji wengi wamelifuata, na yetu ilitoka kwa mmojawapo wa hao, huko China.

Mwishoni mwa Julai tulipokea kazi ya sare 60 za shule moja ya msingi, zilizotakiwa kabla ya watoto kurudi darasani mwanzoni mwa Septemba. Tarehe 3 Agosti sindano ilivunjika mashine ikiwa kasini, ncha yake ikaingia chini ya bamba na kuigonga kroshe.

Kroshe ni kile kidude cha mviringo kinachozunguka chini ya bamba, ambacho ncha yake hulidaka tanzi la uzi wa juu mara tu sindano inapoanza kupanda, kisha hulipitisha tanzi hilo kuizunguka kaneti, yaani bobini yenye uzi wa chini, na hapo nyuzi mbili hufungana zikawa mshono. Jina lenyewe tumelitoa katika Kifaransa, na sijawahi kumsikia fundi wa Lubumbashi akikiita vinginevyo. Katika mashine za aina yetu kroshe huzunguka mara 2 kwa kila mshono mmoja, na kwa kuwa mashine inaweza kufikisha mishono 5,000 kwa dakika, kroshe inaweza kuzunguka mara 10,000 katika dakika hiyohiyo. Ncha yake ikipata pengo dogo, hata lile lisilotambulika ila kwa kupitisha ukucha, uzi hukatika na mishono hurukwa.

Mzee anayetutengenezea mashine, tunayemwita Papa Fundi, aliupitisha ukucha mara moja tu.

“Hii haitengenezwi, mwanangu,” aliniambia. “Hii inabadilishwa.”

Kwake alikuwa amebakiwa na kroshe za mashine za nyumbani peke yake; za viwandani zilikuwa zimekwisha, na mfanyabiashara anayemletea alikuwa hajarudi safari. Yaya akanitazama. Mimi ndiye mwenye simu nzuri nyumbani, na mimi ndiye niliyekuwa nikijigamba kwamba siku hizi hakuna kitu kisichopatikana kwenye intaneti.

“Papa, nipe siku mbili,” nilisema.

Nilipaswa kukumbuka yaliyonikuta mwaka mmoja kabla yake, kwani onyo nilikuwa nimekwisha kulipata. Mwaka 2021 nilitaka kununua sindano, nikaandika neno “sindano”. Wakati huo dunia nzima ilikuwa ikizungumza juu ya chanjo ya korona, na kwa Kiswahili chanjo huingia kwa sindano. Nikaletewa kurasa juu ya kurasa za watu waliofunua mabega. Nilipoongeza maneno ya mashine, niliangukia kwa muuzaji mmoja aliyepiga picha ya pakiti zenye namba 90/14. Namba hizo nilizifahamu: 90 ni unene wa sindano kwa sehemu za mia za milimita, yaani milimita 0.9, na 14 ni unene uleule kwa hesabu ya zamani ya Singer. Niliagiza sindano 100. Zilipofika, unene ulikuwa sawa kabisa, ila shina lake lilikuwa na upande mmoja bapa. Hizo ni sindano za mashine za nyumbani, aina inayoandikwa HAx1, wakati mashine yetu hula DBx1, ambayo shina lake ni la mviringo pande zote. Nilikuwa nimeuliza ukubwa bila kuuliza aina, na muuzaji alinijibu nilichouliza. Sindano hizo bado tunazo. Yaya huzitumia kwenye mashine ya mkono, mojamoja, na kila anapobadilisha moja hunitupia jicho.

Basi siku ya kwanza ya kutafuta kroshe niliandika “crochet” peke yake, kwa tahajia ya Kifaransa. Walijitokeza akina mama wa Ulaya wakisuka vitambaa vya meza kwa uzi wa sufu, wanasesere wa sufu, kofia za watoto wachanga, sindano zenye ndoano nchani za rangi kumi na mbili, na katikati yao bondia mmoja, kwa maana Wafaransa huita hivyo pia ile ngumi ya kupinda. Nikaongeza maneno ya Kifaransa ya mashine ya kushona. Hapo nilipata mafunzo marefu ya namna ya kuunganisha kitambaa kilichosukwa kwa kroshe na kitambaa kilichoshonwa kwa mashine. Kila neno nililoandika lilikuwamo ndani ya ukurasa ule. Kitu nilichokihitaji hakikuwamo.

Niliporudi nyuma na kutafuta vipande vilivyo jirani na kroshe, nikidhani kwamba anayeuza hiki atauza na kile, niligundua kwamba karibu msamiati wote wa Kifaransa wa mashine ya kushona una maisha mengine nje ya karakana. Ule mguu unaokandamiza kitambaa huitwa “pied-de-biche”, yaani mguu wa kulungu jike, lakini jina hilo ndilo pia la mtaimbo wa kung’olea misumari na kubandulia ubao wa milango. Kaneti ya uzi ni “canette”, na hilo ni jina la kopo la bia au la soda. Yale meno yanayovuta kitambaa ni “griffe”, sawa na kucha za paka. Jioni ya siku ya tatu simu yangu ilikuwa imekwisha kuamini kwamba mimi ni mvunja nyumba mwenye kiu.

Nikasema, niache Kifaransa, niende kwa Kiswahili. Huku kwetu tunasema “mashini ya kushona”, basi nikaandika hivyo, na nilichopata kilikuwa kidogo tena cha ovyo, kurasa za tafsiri za maneno na picha zisizo na maelezo. Shemeji yangu, ambaye hufanya biashara ya kwenda na kurudi Dar es Salaam, ndiye aliyenifungua macho alipopita karakanani: “Shemeji, wale wa pwani hawajui mashini ya kushona. Wao wanauza cherehani.” Neno hilo nilikuwa nimelisoma shuleni nikalisahau, kama mtu anavyosahau jina la mto wa nchi ya mbali. Nilipoliandika, mlango ulifunguka: matangazo mengi, yenye picha, yenye bei za shilingi, ya wauzaji wa Tanzania na Kenya. Yalikuwa ya mashine nzima badala ya vipuri, lakini kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeingia kwenye soko lililo langu. Nilijifunza hapo jambo ambalo mchuuzi yeyote analijua bila simu, kwamba mnunuzi humwita muuzaji kwa jina analoitikia muuzaji. Lile analopenda yeye mwenyewe halimleti.

Kisha nikaharibu tena. Mji wetu una wilaya 7, na mojawapo huitwa Kenya, yenye soko kubwa linalojulikana na kila mtu hapa. Nilitaka kujua kama kuna muuzaji wa vipuri katika soko hilo aliyeweka tangazo, nikaandika “vifaa vya cherehani soko la Kenya”. Bila shaka msomaji amekwisha kuona nilikopelekwa. Kwa nusu saa nzima nilisoma matangazo ya maduka ya Nairobi, na kwa muda mfupi, nakiri kwa haya, nilifurahi kuona wauzaji wengi hivyo katika soko letu, mpaka niliposhangaa kwa nini wanataja shilingi. Nilipoongeza neno “Lubumbashi” ili kusahihisha, vipuri vilitoweka vyote, zikaja hoteli, tiketi za ndege, habari za mpira na habari za shaba. Siwezi kuilaumu mashine ya utafutaji kwa hilo. Nani asiyeijua nchi ya Kenya? Na nani, nje ya Katanga, anayeijua wilaya yetu?

Neno la Kiingereza, “hook”, nililipata kwenye programu ya tafsiri. Lilikuwa sahihi. Kwa bahati mbaya ndilo neno la ndoano ya kuvulia samaki, na ndilo la kulabu ya kutundikia makoti, kwa hiyo siku ya tano niliimaliza baharini.

Baadaye, kazi ilipokwisha na moyo ukatulia, nilisoma kidogo ili nijue kwa nini mambo huenda hivyo. Mwaka 1998, wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, Larry Page na Sergey Brin, walianzisha Google kwa msingi wa wazo kwamba ukurasa unaoelekezwa na kurasa nyingine nyingi, hasa zile zenye uzito, ndio unaostahili kutangulia. Tangu wakati huo wameongeza mambo mengi mengine, lakini wazo hilo la kurasa kupigiana kura halijaondoka. Wanaosuka sufu kwa kroshe ni wengi mno, wana jioni ndefu, wanapigiana picha na kuelekezana. Wanaobadilisha kroshe za mashine wana mikono yenye oili, na hawaandiki. Kwa hiyo neno moja likiwa na wenyewe wawili, jibu huenda kwa yule aliyezungumza sana. Sioni kama ni hila. Ndivyo ilivyo hata kwenye kituo cha mabasi, ambapo ukiuliza njia huitikiwa kwanza na mwenye sauti, wala si lazima awe mwenye kuijua.

Ila kuna sehemu ambayo ni hila, au angalau ni biashara isiyojitangaza vya kutosha. Matokeo yale ya kwanza kabisa mara nyingi yana neno dogo linaloonyesha kwamba yamelipiwa yakae pale. Kwa siku nne sikuliona neno hilo. Nilidhani kilicho juu ndicho kilicho bora, nikapoteza mega zangu za intaneti kwa kufungua vya juu na kuchoka kabla ya kufika chini.

Siku ya sita nilihamia kwenye maduka ya mtandaoni yenyewe, nikitumaini kwamba kwa kuwa wao ni wauzaji, watanielewa. Hali ikawa mbaya zaidi. Wauzaji hupachika katika jina la bidhaa moja majina ya viwanda vitano au sita kwa mpigo, ili atakayetafuta chochote kati ya hivyo aangukie kwao, na kwa hiyo kila kroshe hudai kuingia katika kila mashine, madai ambayo hayawezekani. Picha moja huonyesha vitu sita, na bei inayotangazwa ni ya kile cha rahisi kuliko vyote. Ile dola 1 iliyonivuta kwenye tangazo moja ilikuwa ya bisibisi iliyolazwa pembeni. Nilipoamuru bidhaa zipangwe kuanzia za bei ya chini, kroshe zote zilizama, ukurasa ukajaa skrubu, stika na vifuko vya plastiki. Kijisanduku cha kutafutia cha duka moja kilikuwa hodari kiasi kwamba nilipokosea herufi moja hakikuniambia kwamba hakikupata kitu, kiliniletea mapazia. Ningependa zaidi duka liniambie “hakuna”. Muuzaji wa soko la hapa akikosa kitu hukwambia “hakuna, jaribu kwa yule pale”, na kwa maneno hayo machache hukuokolea asubuhi nzima.

Suala la anwani nitalipitia haraka, kwani kila Mkongomani aliyejaribu kununua nje analijua. Orodha ya nchi ina Kongo mbili, ya kwetu na ya Brazzaville, na mara nyingine maandishi ya skrini hukatwa yakabaki yale yale kwa zote mbili. Mimi huziamini namba za simu, 243 ni yetu na 242 ni ya jirani. Muuzaji mmoja niliyemwandikia alinijibu kwa upole kwamba mzigo wangu ungeshuka kwenye bandari ya Pointe-Noire, “katika nchi yako”. Kwetu bahari iko Dar es Salaam. Na fomu inayokataa kuendelea mpaka uandike namba ya posta niliijaza sifuri tano, ikaridhika.

Siku ya kumi Papa Fundi alipita kuuliza habari. Nilimsimulia yote, uzi wa sufu, mitaimbo, Nairobi. Alisikiliza akitafuna muwa, kisha akauliza:

“Huyo mtu wako wa kwenye simu, umemwambia unataka nini?”

“Kroshe, Papa.”

“Hata mama yangu alikuwa na kroshe. Umempa namba?”

Sikuwa na namba. Ilikuwa ni siku ya kumi, na sikuwa nimeifungua ile kroshe kutoka kwenye mashine. Nilikuwa nimetafuta kitu kwa jina lake siku zote hizo, na kitu chenyewe kilikuwa mita mbili nyuma yangu, kimefunikwa kitambaa.

Tuliifungua pamoja. Aliiosha kwa petroli na mswaki wa zamani, akaikausha, akaingiza kalipa, chombo cha kupimia upana, katika tundu linalokaa kwenye mhimili. Kipimo kilisema milimita 7.94. Papa Fundi hakushangaa, maana hicho ni sehemu 5 kati ya 16 za inchi, kipimo ambacho chuma kingi cha mashine kimebaki nacho hata katika nchi zinazotumia milimita. Kisha akaniuliza jambo ambalo nisingelifikiria hata kwa mwezi mzima: je, mashine yetu inajikatia uzi yenyewe? Haikati, Yaya hukata kwa mkasi. Basi, akasema, usije ukaleta ya mashine inayojikatia uzi, kwani kroshe zake si sawa ingawa kwa picha zinafanana kama mapacha.

Usiku ule, umeme uliporudi, niliandika “7.94” peke yake, kwa kutaka kujua tu: zilikuja bei za vitu na alama za mitihani. Niliandika “DDL-8700” peke yake: zikaja mashine nzima. Niliandika vyote viwili pamoja, na kuvizungushia alama za mtajo ili mashine ya utafutaji isinisahihishe wala kunibadilishia, nikaongeza lile neno la Kiingereza la ndoano. Ukurasa wote ukawa kroshe. Hapakuwa na sufu, wala bondia, wala samaki. Nilimwita Yaya aje aone, akaja na sabuni mikononi, akatazama kwa muda, akasema, “Kumbe siku zote hizo walikuwa nazo.”

Sikuinunua kwenye duka lolote kati ya hayo. Muda wa kufika uliotajwa ulikuwa wa wiki nyingi, na Septemba haikuwa ikitungoja. Nilichukua picha iliyokuwa wazi kuliko zote, nikaandika chini yake namba zile na maneno “isiyojikatia uzi”, nikamtumia shemeji ambaye wakati huo alikuwa tena Dar es Salaam. Alizunguka Kariakoo asubuhi moja tu, akaionyesha simu badala ya kueleza, na akaipata kwa dola 14. Ilisafiri mfukoni mwake kupitia Tunduma, ikavuka Zambia, ikaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa, na tarehe 21 Agosti ilikuwa juu ya meza yetu. Nilipojumlisha mega nilizonunua katika zile siku 11, zilikuwa faranga 27,000, ambazo kwa kiwango cha wakati ule cha karibu faranga 2,000 kwa dola moja zilikaribia bei ya kroshe yenyewe. Sare 52 tulizitoa kwa wakati. Zile 8 zilichelewa siku mbili, na wazazi wake walituambia waliyotuambia.

Tangu hapo nina daftari lenye jalada gumu, na kila kipuri kinachoingia karakanani huandikwa humo namba kabla hakijafungwa kwenye mashine, maana kikishafungwa hakuna atakayekifungua mpaka kiharibike. Kwa vitu visivyo na namba natumia picha: naipiga juu ya karatasi nyeupe, rula ikiwa kando yake, na naiacha programu ya simu itafute kwa picha. Mara nyingi hunipa jina ambalo wauzaji hulitumia, na jina hilo ndilo ninalokwenda nalo. Nimejifunza pia ile alama ya kutoa. Nikiandika “crochet” kisha alama ya kutoa iliyoshikana na neno la Kifaransa la sufu, kurasa za sufu hupungua. Kwenye maduka mengi niliyojaribu alama hiyo haisaidii kitu, hata mara nyingine huleta sufu zaidi.

Jambo moja sijalipatia dawa. Kwa kuwa niliitafuta kroshe kwa siku nyingi, simu ilinihesabu kuwa mpenzi wa kroshe, na kwa miezi kadhaa baada ya mashine kupona nilitangaziwa kroshe kila nilipofungua chochote, na mitaimbo pia. Fikra hiyo inafaa kwa sabuni au mchele, vitu ambavyo aliyevinunua jana atavinunua tena. Mtu aliyenunua kroshe anamwomba Mungu asiione tena kwa miaka.

Lakini lawama si za wageni pekee. Wafanyabiashara wetu wa hapa, tena wengine wana vipuri vizuri kabisa, hupiga picha ya rundo la vyuma juu ya meza na kuandika “Vyote vipo, bei kwa faragha”. Namba haipo, aina ya mashine haipo, wilaya haipo. Mtafutaji aliyeko Likasi anayeandika namba sahihi kabisa hawezi kuliangukia tangazo hilo, kwa sababu hakuna neno hata moja ndani yake la kukutana na neno lake. Nilimwomba Papa Fundi aniruhusu niandike akiba yake yote, kipande kwa kipande, kwa majina matatu kila kimoja: la Kifaransa, la kwetu na la pwani, pamoja na namba. Ilituchukua Jumapili mbili. Alinung’unika kwamba ninamfanya karani wakati wa uzee wake. Wiki ya tatu alipigiwa simu na fundi wa Kolwezi aliyekuwa akitafuta kibebeo cha kaneti, na tangu hapo ananiuliza yeye mwenyewe, kila anapopokea mzigo, kama nimekwisha kuandika.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya mashine ya mama, ile nyeusi ya mkono. Kroshe yake, ambayo haizunguki kamili bali huyumba kwenda na kurudi, imelika kwa uzee. Nilitafuta namba kwa utaratibu wangu mpya, nikaikuta imechapwa kwenye chuma, lakini vidole vya miaka mingi vimeisugua mpaka ikawa laini. Papa Fundi alisaga chaki, akaipaka, akaifuta kwa kidole ili unga ubaki kwenye mifereji ya tarakimu peke yake. Zilionekana zote isipokuwa ya mwisho. Papa Fundi, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, anasema ni 3. Yaya, ambaye macho yake yametia uzi kwenye tundu la sindano tangu utotoni, anasema ni 8. Nimeziandika zote mbili kwenye daftari, moja juu ya nyingine, na leo jioni, umeme ukirudi, nitaanza na ile ya Yaya.